Vita vya Aiskrimu vya Glasgow

  Kama uko jikoni, endelea na mapishi yako, sauti itakufikia hukohuko. Kama umekwama kwenye foleni, basi tuna muda wa kutosha mimi na wewe.

Leo nataka tuongee juu ya biashara ndogo. Ndogo kweli. Biashara ya kuuza aiskrimu kwa watoto. Tuone ilivyofika mahali watu sita wa ukoo mmoja wakafa kwa moto, na mtu aliyewasha kiberiti hajulikani hadi leo. Si hadithi ya kutunga. Ilitokea Glasgow, mji mkubwa kuliko yote Uskoti, mwaka 1984. Wenyeji wa kule wakilitaja jambo hilo huliita Vita vya Aiskrimu.

Umecheka? Usione haya. Kila anayelisikia jina hilo mara ya kwanza hucheka. Hata watu wa Glasgow wenyewe walicheka, na kicheko hicho tutakirudia baadaye kidogo, kwa sababu nadhani kilichangia yaliyotokea.

Kwanza tuielewe biashara yenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mji wa Glasgow ulikuwa na mitaa ya katikati iliyochakaa, watu wamebanana. Serikali ya mji ikajenga makazi mapya pembezoni na kuhamishia maelfu ya familia huko. Upande wa mashariki kuna Easterhouse, Garthamlock, Ruchazie. Majengo ya ghorofa, vyoo vya ndani, maji ya bomba. Watu walishukuru. Lakini nyumba zilijengwa kwa wingi kuliko maduka. Halafu viwanda vya Glasgow vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine, na ilipofika miaka ya 1980 kwenye mitaa hiyo kulikuwa na watu wengi, kazi chache, magari machache na maduka ya kuhesabu.

Sasa jiweke pale. Ni jioni, nje kuna baridi na mvua ile nyembamba isiyokwisha. Sigara zimekuishia, maziwa hakuna, mtoto analilia soda. Duka liko mbali na basi ni nauli. Ghafla unasikia kimuziki kinakuja barabarani. Sisi huku tunazijua baiskeli za aiskrimu na vimuziki vyake. Kule ni gari, gari kama kibasi kidogo, lina dirisha ubavuni na muuzaji amesimama ndani. Unashuka ngazi mbio. Aiskrimu ipo, ndiyo, lakini ipo pia sigara, mkate, soda, bisi, pipi, hata karatasi za chooni. Lile gari ni duka. Na linapita mlangoni kwako kila jioni, kiangazi na majira ya baridi.

Kwa hiyo usifikirie koni tu. Fikiria duka pekee la mtaa wenye mamia ya familia. Mwenye mzunguko mzuri kwenye mitaa ile alikuwa na uhakika wa kula, mahali ambapo majirani zake wengi walikuwa wanapanga foleni ya posho ya wasio na kazi.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Mzunguko ule haukuwa na hati, haukuwa na uzio, wala haukuwa na mwenyewe mbele ya sheria, lakini kila mtu mtaani alijua ni wa nani.

Hapo ndipo penye tatizo, ndugu msikilizaji. Hapa kwetu Tanzania daladala ina njia yake, imepewa leseni na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ina mstari wa rangi ubavuni. Ikiingia njia ya wenzake, kuna mahali pa kushtaki. Lakini chukua muuza chipsi wa chini ya mwarobaini, pale kona ya mtaa wenu. Amekaa pale miaka. Wateja wanamjua, anajua nani anakula na pilipili, nani anakopa hadi mwisho wa mwezi. Ile kona ni mali yake? Siku akija kijana mwingine na jiko lake, akaweka meza hatua tano kutoka pale, akapunguza bei ya chipsi mayai, huyu wa kwanza ataenda kushtaki wapi? Atasema ameibiwa nini? Ameibiwa mazoea. Na hakuna mahakama inayopokea kesi ya mazoea.

Kitu chenye thamani lakini kisicho na hati hulindwa kwa namna mbili: kwa heshima au kwa mabavu. Mashariki mwa Glasgow, heshima iliisha.

Ilianzaje? Kwa mambo madogo, kama ilivyo kawaida. Gari la mtu linatangulia dakika kumi kabla ya mwenzake, linapiga kimuziki chake, linazoa wateja. Yule wa pili anafika, mtaa umeshakula. Kesho yake na yeye anatangulia. Maneno yanarushwa dirisha kwa dirisha. Kisha kinarushwa kitu kingine, kioo kinavunjika. Kisha wanakuja vijana wenye magongo, wanavunja vioo vyote. Dereva mwingine anaogopa, anaacha kazi, na mzunguko wake unachukuliwa siku hiyohiyo.

Na ikawa inalipa. Hilo tusilifiche. Waliotisha wenzao walipata mizunguko, na kioo cha gari ni bei rahisi sana ukilinganisha na mapato ya mtaa mzima. Inaelezwa pia kwamba baadhi ya magari yale yaliuza sigara za wizi, na wapo wanaosema dawa za kulevya nazo zilipitia dirishani. Kuhusu dawa, watu wamevutana miaka mingi. Mimi naona hatuhitaji kwenda huko. Sigara na soda pekee zilitosha kuwagombanisha watu.

Wakazi je? Wakazi walinunua. Sigara rahisi ni sigara rahisi, nani aulize zimetoka wapi? Na polisi walipoanza kulifuatilia suala hilo, wananchi wakawageuza kichekesho. Kikosi cha makosa makubwa wakakipa jina la kejeli, kikosi cha vikengele, kwa sababu ya vile vimuziki vya magari. Askari mzima na kofia yake anafukuzana na wauza koni! Mwaka huohuo wa 1984 ikatoka hata filamu ya kuchekesha, Comfort and Joy, ya mwongozaji wa palepale Glasgow, Bill Forsyth. Mhusika wake mkuu, niseme kwa fahari ya kazi yetu, ni mtangazaji wa redio. Anajikuta katikati ya familia mbili za wauza aiskrimu zinazogombana, na mwisho anawapatanisha kwa kuwafundisha kuuza aiskrimu ya kukaangwa. Filamu nzuri. Ila kwenye mitaa yenyewe hakutokea wa kupatanisha.

Hebu tumtazame kijana mmoja. Jina lake Andrew Doyle, umri miaka 18. Alikuwa dereva wa gari la aiskrimu la kampuni ya Marchetti. Ukisikia jina la Kiitaliano usishangae. Familia za Kiitaliano zilizohamia Uskoti tangu mwishoni mwa karne ya 19 ndizo zilizoijenga biashara hii kule. Andrew alipewa mzunguko uliokuwa na wenye kuutamani. Akaambiwa aachie. Akakataa. Akatishwa. Akakataa tena.

Wiki chache kabla ya Aprili 1984, mtu alilifyatulia gari lake risasi, ikapenya kwenye kioo cha mbele yeye akiwa ndani. Bunduki, wasikilizaji, kwa ajili ya mtaa wa kuuza aiskrimu. Andrew hakudhurika. Na akarudi kazini.

Nimejiuliza mara nyingi: pale risasi ilipopita kwenye kioo, nani alikuwa bado anacheka? Natumaini hakuna. Lakini jina la kuchekesha lilikuwa limeshabandikwa, na jambo lililobandikwa jina la kuchekesha ni vigumu watu kulishtukia.

Usiku wa tarehe 16 Aprili 1984, kama saa nane, familia ya Doyle ilikuwa imelala kwenye nyumba yao ya ghorofa ya juu kabisa huko Ruchazie. Siku hiyo walikuwa na wageni, nyumba imejaa. Mtu akapanda ngazi, akamwaga petroli kwenye mlango uliokuwa pale kibarazani mwa ngazi, nje ya makazi yao, akawasha moto, akashuka.

Petroli nataka tuielewe, maana wengi tunaishika kila siku, tunaibeba kwenye madumu, tunaihifadhi ndani kwa ajili ya jenereta. Kinachowaka si yale maji unayoyaona. Kinachowaka ni mvuke wake. Na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hautoki juu ukapotea, unatambaa sakafuni, unapenya chini ya mlango, unaingia ndani kabla moto haujaingia. Ukiwasha, hakuna moto mdogo. Huwezi kuwasha petroli kidogo, ya kumwambia mtu chunga sana. Inalipuka yote kwa mara moja, na moshi wake unapanda juu kuwatafuta waliolala.

Na sasa fikiria nyumba yenye mlango mmoja wa kutokea, na moto uko palepale mlangoni. Chini ni ghorofa kadhaa. Utapita wapi? Nauliza nikijua nyumba zetu wenyewe zilivyo: nondo kwenye kila dirisha, geti la chuma, kufuli kwa ndani, ufunguo haujulikani uko mfuko wa suruali ipi. Mwizi tumemzuia. Moto ukija mlangoni, sisi ndio tuliofungiwa.

Walikufa sita. Wengine usiku uleule, wengine baadaye hospitalini. Baba mwenye nyumba, mwenye umri wa miaka 53. Binti yake wa miaka 25 aliyekuwa amekuja na mtoto wake. Mtoto huyo, wa miezi 18. Na wana watatu wa kiume: mmoja wa miaka 23, mmoja wa miaka 14, na Andrew mwenyewe.

Mtoto wa miezi 18 alikuwa anashindana na nani? Mzunguko gani alikuwa ameukalia?

Hapa ndipo watu wengi, wasikilizaji wangu, husema lile neno. Nimelisikia kwenye vijiwe, nimelisikia hata mahakamani likisemwa na watu wazima: tulitaka kumtisha tu. Hatukutaka afe. Tulitaka ajue. Na wengi wetu tunaposikia hivyo tunapunguza hasira kidogo, tunasema aah, basi, mambo yalipita kiasi.

Mimi sikubali. Anayevunja kioo anaweza kusema alitaka kuvunja kioo, na kioo kikivunjika kazi imeisha. Lakini anayewasha moto mlangoni pa watu waliolala, kazi yake inaanza pale anapogeuza mgongo. Yeye hachagui tena. Hajui ndani kuna nani, hajui wageni wamekuja, hajui mtoto amelala upande gani. Amekabidhi uamuzi wote kwa petroli, kisha anataka tumpime kwa nia yake.

Sheria zetu nazo haziupokei kirahisi utetezi huo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 319, inasema anayechoma jengo kwa makusudi na kinyume cha sheria anaweza kufungwa maisha. Sikiliza: kuchoma jengo, hata kama hakuna aliyekufa. Kenya ni vilevile, kifungo cha maisha. Na mtu akifa, mahakama haiulizi tu kama ulitaka afe. Inauliza pia kama ulijua kwamba kitendo chako yumkini kingeleta kifo, hata kama hukujali kitokee au kisitokee. Kutojali hakukuokoi.

Lakini subirini, maana kisa hiki kina sehemu ya pili, na mimi naiona ni chungu karibu sawa na ya kwanza.

Glasgow ililipuka kwa hasira. Mji mzima ulitaka jibu, na ulilitaka upesi. Polisi wakakamata watu, kesi ikasikilizwa vuli ya mwaka huohuo wa 1984, na wanaume wawili, Thomas Campbell na Joe Steele, wakatiwa hatiani kwa mauaji. Kifungo cha maisha. Kwa Campbell, jaji akapendekeza asitoke kabla ya miaka 20. Campbell hakuwa malaika. Alikuwa na rekodi ya ukatili na alikuwa na mkono wake kwenye biashara hiyohiyo ya magari. Alikuwa mtu ambaye ungemfikiria. Ndiyo hatari ya mtu wa kufikirika.

Ushahidi ulikuwa nini? Kwa sehemu kubwa, mambo mawili. Kwanza, shahidi mmoja aliyekuwa na kesi yake mwenyewe alisema aliwasikia baa wakipanga kuichoma nyumba. Pili, polisi walisema Campbell, wakati wa kukamatwa, alitamka kwamba yeye alitaka vioo vya gari tu vipigwe risasi, na kwamba moto ulikuwa wa kutisha tu, ukapita kiasi.

Unaona? Neno lilelile. Campbell alikana katakata kwamba aliwahi kulisema. Lakini lilisikika la kweli kwa sababu ndivyo sote tunavyodhani mambo haya hutokea.

Yule shahidi baadaye akasema kwamba alidanganya. Miaka ikapita. Campbell akawa anagoma kula gerezani. Steele akawa anatoroka, si kwenda kujificha bali kwenda kusikika: mwaka 1993 alijigandisha kwa gundi kwenye geti la Buckingham Palace, kasri la kifalme kule London, ili dunia imsikilize. Wakatolewa kusubiri rufaa, rufaa ikakataliwa, wakarudishwa ndani, wakatolewa tena.

Kilichokuja kuvunja kesi ni yale maneno ya Campbell. Maafisa wanne wa polisi walikuwa wamedai kuyasikia, na kila mmoja aliyaandika kwenye maelezo yake karibu neno kwa neno sawasawa na wenzake. Unaweza kusema, si ndiyo vizuri, ushahidi unaoana? Hebu tufanye jaribio, mimi na wewe, hapohapo ulipo.

Kitambo kidogo nilisema sentensi moja juu ya mzunguko wa gari la aiskrimu na hati. Nikakuomba unisikilize vizuri. Tafadhali iandike sasa, au mwambie aliye karibu nawe aitamke. Neno kwa neno. Umekumbuka hati, uzio labda. Kipi kilianza, hati au uzio? Nilisema mtaani au mitaani? Ukipenda, linganisha na jirani yako aliyekuwa anasikiliza redio hiihii. Kiini mtakuwa nacho nyote. Maneno yatatofautiana.

Ndivyo mtaalamu wa saikolojia alivyoiambia mahakama ya rufaa. Binadamu hukumbuka kiini. Watu wanne kutoa sentensi moja isiyotofautiana ni jambo lisilo la kawaida kabisa. Mwezi Machi 2004, karibu miaka 20 tangu moto, hukumu ikafutwa na Campbell na Steele wakawa huru. Campbell alifariki mwaka 2019.

Na aliyepanda zile ngazi usiku ule? Hakuna mtu mwingine aliyehukumiwa kwa moto wa Ruchazie.

Sasa turudi mtaani kwetu, maana najua unanisikiliza na una kona yako, una meza yako, una kijiwe chako. Nina mambo ya kukuomba, ya vitendo, na nitayarudia ili yakae.

Ukitishwa, sema siku ileile. Usisubiri kioo cha pili. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha nenda kituoni, na usitoke kituoni bila namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi. Iandike mahali. Najua watu watakucheka: mwanaume mzima unashtaki kwa sababu ya jiko la chipsi? Waache wacheke, wewe chukua RB. Narudia: chukua RB.

Mkikaa wawili kwenye kona moja, kubalianeni mapema na mbele ya mtu wa tatu. Mmoja asubuhi, mmoja jioni. Au mmoja chipsi, mwingine mishikaki. Mwiteni mjumbe, aandike kwenye daftari, kila mtu aweke sahihi. Mazoea yakishaandikwa, hata kwa kalamu ya kuazima, mnapata pa kuanzia siku mkikorofishana.

Na wewe mteja, ambaye kila siku unapita pale na kusikia kwamba fulani anasema fulani atakiona cha mtema kuni, usiende nayo nyumbani kama kichekesho cha kusindikiza ugali. Mwambie mjumbe.

La mwisho ni la usiku huu. Kabla ya kulala, angalia ufunguo wa geti uko wapi, na kila mtu ndani, mpaka dada wa kazi, ajue uko wapi. Kama una dumu la petroli ya jenereta ndani, litoe nje, mbali na mlango.

  Sasa nawaachia chumba cha habari. Usiku mwema.